Acerentomon: Mdudu wa Udongoni Anayesumbua Orodha

Mwaka 1907 mwanasayansi Mwitalia Filippo Silvestri alitangaza kiumbe kipya kutoka Genova: mdudu wa udongoni asiye na macho wala vipapasio. Alimpa jina Acerentomon doderoi. Makazi makuu ya jenasi hiyo ni udongo wa misitu ya Ulaya. Kwa hiyo jina hilo likitokea kwenye orodha ya wadudu wa nchi iliyo mbali na huko, maswali ya kuuliza ni mawili: nani alimtambua, na kielelezo kimehifadhiwa wapi?

Kumtambua si kazi ndogo. Urefu wake ni kama milimita 1 hadi 2. Hutembelea miguu minne ya nyuma, huku miwili ya mbele akiiinua kupapasia njia. Kwenye ncha za miguu hiyo ya mbele kuna vinyweleo vya hisia, na humo ndimo zilimo alama nyingi za kutofautisha spishi. Mtaalamu humlainisha kwa asidi ya laktiki, humlaza juu ya kioo, kisha huvipima vinyweleo kimoja kimoja kwa hadubini. Mguu ukilala vibaya, alama hazionekani vizuri. Tena mdudu huyu huanguliwa akiwa na pingili 9 za tumbo, na hufikisha 12 akikua. Aliye mchanga hajatimiza vinyweleo vyote, na kumpa jina la spishi ni kubahatisha.

Kuna pia tatizo la majina ya zamani. Mwanasayansi mwingine, Antonio Berlese, alipoieleza spishi iitwayo minimum, aliiweka ndani ya Acerentomon. Leo imo katika jenasi Proturentomon. Mwaka 1964 Mdenmark S. L. Tuxen alichapisha kitabu kilichowapitia upya Acerentomon na jamaa zake wa duniani kote. Rekodi ya kabla ya hapo, isiyo na kielelezo, yaweza kumhusu mdudu mwingine kabisa. Ikinakiliwa orodha hadi orodha, huishia kuonekana kweli.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Rekodi yenye shaka isifutwe, wala isiaminiwe: iwekewe alama, kisha watu warudi palepale kuchukua udongo upya. Na kila anayeandika jina la mdudu kwenye orodha ya nchi, akabidhi kielelezo chake makumbusho. Bila hicho, hana ushahidi.