KIRIKUU INATETEMEKA NA OILI INAPUNGUA? PIMA HAYA KABLA HUJAUZIWA INJINI

Niko Mkuza, hapa Kibaha, natengeneza gari ndogo za mizigo, na nyingi ninazopokea ni kirikuu, yaani Suzuki Carry. Wenye nazo ni watu wa nyanya, chakula cha kuku, maji na simenti. Kirikuu ikilala siku tatu, na mtaji umelala. Ndiyo maana mtu akiambiwa "injini imekufa" anakimbia kukopa, ananunua injini ya mtumba, halafu wengine wanakuja kwangu mtetemo ukiwa palepale.

Kutetemeka ni ugonjwa mmoja, na shida ya oili ni ugonjwa mwingine. Ila mara nyingi mmoja ndio umemzaa mwenzake. Ukijua upi ulitangulia, bili inashuka sana.

Kwanza hakikisha kama kweli ni injini. Ikitetemeka ukiwa kwenye spidi fulani tu, simama pembeni, weka nyutro, piga resi mpaka mlio ufike palepale. Injini ikitulia, achana nayo. Angalia matairi, rimu na krosi za propela shafti. Barabara zetu za ndani huku zinamaliza krosi mapema.

Kama inatetemeka hata ikiwa imesimama, hapo ni injini au raba zinazoishikilia, zile mafundi tunaziita maunting. Kirikuu nyingi tulizonazo zina injini isiyofika hata cc 660: F6A kwa zile za zamani, K6A kwa za miaka ya 2000. (Usizidharau. Suzuki walifunga injini za ukoo huohuo, zikiwa na tabo, kwenye gari lao la michezo la Cappuccino miaka ya 1990.) Zina pistoni tatu tu. Pistoni moja ikigoma umepoteza theluthi ya nguvu, na ukipanda kwenda Kisarawe na mzigo utajua mwenyewe.

Kuijua iliyogoma ni rahisi kwenye zile zenye koili juu ya kila plagi. Zima gari, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza. Mlio ukiharibika zaidi, hiyo ilikuwa inafanya kazi. Mlio usipobadilika kabisa, umeshampata mgonjwa. Rudisha soketi, kisha hamisha koili hiyo uiweke kwa jirani yake. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, badili plagi. Bado? Hapo ndipo fundi apime kompresheni, na umwombe akuonyeshe geji kwa macho yako. Usiiache gari inaunguruma muda mrefu na koili imechomolewa, petroli isiyoungua inaharibu mambo mengine. Na zile za zamani zenye waya za plagi, usizichomoe kwa mkono injini ikiwa inawaka. Ule umeme unarusha mtu.

Sasa hapo ndipo oili inapoingia. Kuna mama mmoja anauza mboga alikuja na kirikuu inatikisika mpaka kioo kinalia, na oili inapungua. Alishaambiwa kwingine ringi zimekwisha, anunue injini. Moshi wa bluu sikuuona, si asubuhi wala akikanyaga mafuta. Nikatoa koili ya pistoni ya katikati: shimo la plagi limejaa oili. Gasketi ya kava la juu, ile tunaita tapeti kava, na raba za kuzunguka mashimo ya plagi vilikuwa vimekauka kama kuni. Oili inavuja ndani ya shimo, inaharibu moto wa plagi, injini inatetemeka. Nyingine ilikuwa inamwagika nje na kuilainisha maunting moja mpaka imetepeta. Tulibadili gasketi, raba, plagi tatu na maunting ile. Vyote hivyo ni spea za kawaida pale Gerezani, Kariakoo, na gharama yake haikaribii injini hata kidogo. Jioni akaondoka nayo.

Kwa hiyo kabla hujakubali neno "ringi", angalia moshi. Wa bluu asubuhi tu unapowasha halafu unakata, mara nyingi ni sili za valvu. Wa bluu kila ukikanyaga, hapo ringi zinahusika kweli. Lala na boksi limetandikwa chini ya gari. Asubuhi litakuonyesha kama oili inavuja na ni upande gani.

Tatizo kubwa la kirikuu ni kwamba injini ipo chini ya kiti. Kuinua kiti ni uvivu, basi watu wanakaa mwezi bila kuangalia oili. Inua kila wiki, asubuhi kabla hujawasha, gari ikiwa sehemu tambarare. Vuta kijiti, kifute, kirudishe, vuta tena. Oili nyeusi isikutishe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe. Ikinuka petroli na imepanda juu ya alama, kuna plagi haichomi na petroli inateremka chini. Umeona? Mtetemo ndio uliharibu oili hapo.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, zima gari palepale, hata kama umebakiza mita mia kufika Picha ya Ndege. Taa ile haisemi oili imeanza kupungua, inasema presha imeshaanguka. Pima kijiti. Kama oili ipo ya kutosha na taa haizimi, vuta gari. Fundi afungue swichi ya oili, afunge geji mahali pake: presha ikiwa nzuri, umenunua swichi tu. Presha ikiwa chini na unasikia ko-ko-ko nzito kutoka chini, metali za konrodi zimeliwa. Wapo wanaokushauri umwage oili nzito ili taa izime. Taa itazima kweli, metali zitaendelea kuliwa.

Ukinunua kirikuu ya mtu, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, mwambie muuzaji aitengeneze kwanza ndipo mzungumze bei.

Kwa gari ya mizigo mimi namwaga oili kila kilomita 3,000, na filta yake kila mara. Kilomita za kumwaga tena andika kwenye selotepu, bandika mlangoni, maana dereva wako hatakumbuka.