Malewa, mto unaolijaza Ziwa Naivasha

Wageni wengi wanaokodi boti Naivasha hufuata viboko, furukombe na ndege wa majini waliojificha kwenye mafunjo. Mto unaoyafanya yote hayo yawezekane huwapita bila kuuona.

Malewa huanzia milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Satima, kina mita 4,001. Huteremka hadi Bonde la Ufa, hupokea maji ya Turasha njiani, kisha huingia ziwani upande wa kaskazini. Mito Gilgil na Karati nayo humimina humo, ila sehemu kubwa ya maji ya mito yanayofika Naivasha ni ya Malewa. Hata mji wa Nakuru hunywa maji ya Turasha.

Naivasha halina mto unaotoka, lakini maji yake hayana magadi. Maziwa jirani ya Elementaita na Nakuru nayo hayana mto unaotoka; huko jua hukausha maji, magadi yakabaki. Naivasha liko juu kuliko hayo mawili, na maji yake hupenya chini ya ardhi kupitia miamba ya volkeno, yakiondoka na chumvi.

Zama za kale, ziwa hilo lilipokuwa kubwa mno, lilifurika kuelekea kusini na kuchonga korongo la Ol Njorowa. Leo korongo hilo limo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa 1984, ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia na twiga. Mvua ikinyesha, korongoni si mahali pa kuingia: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watalii humo.

Ukirudi juu kuelekea milima ya Nyandarua, kwenye uwanda wa Kinangop, kuna hazina nyingine. Kwenye nyasi fupi huishi Macronyx sharpei, ndege wa kifua cha manjano asiyepatikana nje ya Kenya. Kila malisho yanapolimwa viazi au kabeji, makao yake hupungua.

Kilimo cha miteremkoni hugusa ziwa pia. Mvua husomba udongo hadi mtoni, na mafunjo yaliyokuwa yakichuja matope mdomoni mwa mto yamekatwa sana. Kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji wa maji wa huku chini, wakiwemo wenye mashamba ya maua, waliwapa wakulima wa huko juu, katika maeneo ya Turasha na Wanjohi, vocha za pembejeo. Wakulima nao walipanda miti, na mistari ya nyasi ya kuzuia mmomonyoko.

Ziwa lenyewe, lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tangu 1995, hubadilika sana. Mwaka 2009 lilikuwa limepungua vibaya. Mwaka 2020 lilifurika hadi ndani ya nyumba za mtaa wa Kihoto.

Hoteli na boti ziko ufuoni, ilhali walinzi wa maji wako milimani. Ziara inayoanza alfajiri Kinangop na mwongozaji wa huko wa kutazama ndege, ikamalizikia kwenye boti jioni, humfikishia mkulima wa juu sehemu ya mapato ya utalii, na kumpa sababu ya kuacha kipande cha nyasi bila kukilima.