Je, Wajua? Mji Uliojengwa na Waliozaliwa Utumwani

Mound Bayou, mji mdogo wa jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, ulianzishwa mwaka 1887 na Isaiah T. Montgomery na binamu yake, Benjamin T. Green. Wote walizaliwa utumwani. Walinunua msitu wenye vinamasi kando ya reli, wakaufyeka, wakawakaribisha Weusi wenzao waliotaka kumiliki ardhi na kujitawala.

Bwana aliyemmiliki Montgomery alikuwa Joseph Davis, kaka wa Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga.

Anayechunguza waasisi kama hawa huanza na sensa ya mwaka 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina watu walioachwa huru. Kisha hufuata hati za ardhi. Hapa awe makini: kaunti ya Bolivar, ulipo mji huo, ina makao makuu mawili, Rosedale na Cleveland, hivyo asiishie kutafuta hati katika moja tu.

Na asitafute sifa tu. Mwaka 1890 Montgomery, mjumbe pekee Mweusi katika mkutano wa katiba ya jimbo, aliunga mkono masharti yaliyowanyima Weusi wengi haki ya kupiga kura. Historia ya mji ikiruka jambo hilo, si historia kamili.

Majengo nayo ni ushahidi. Nyumba ya matofali ya Montgomery ni ya mwaka 1910. Hospitali ya Taborian, iliyofunguliwa mwaka 1942 na chama cha kusaidiana cha Weusi, ilikuwa na daktari mkuu wa upasuaji T. R. M. Howard, ambaye baadaye alikuwa mtetezi mashuhuri wa haki za raia.