Kiti cha nyuma cha Hiace: maji yanaenda wapi, moshi unaingia wapi?

Ukipanda Hiace ya Bukavu saa kumi na moja ya asubuhi pale Uvira, hakuna mtu anauliza habari ya chofaji. Joto la ziwa liko bado mu nguo. Kiliba, Sange, Luvungi, madirisha yote wazi. Lakini kisha Kamanyola gari inaanza kupanda Ngomo, na kutoka mita karibu 770 za Uvira mpaka mita 1,500 za Bukavu hewa inageuka kabisa, zaidi mvua ikiwa inanyesha. Ndipo sauti inatoka nyuma: «Papa Shofa, tia moto kidogo, watoto wanatetemeka huku!» Shofa anabonyeza, hakuna kitu. Ama inatoka hewa ya baridi. Ama, mbaya kupita yote, inatoka harufu.

Tunaleta habari hii kwa wasomaji wetu wa kare juu ya sababu moja: njia hiyo ni yao. Anayetoka Uvira kwenda Kamituga anapita Bukavu. Anayetoka Misisi anateremka Fizi na Baraka, analala Uvira, kesho anapanda. Na tunajua wote nani anapewa kiti cha mwisho: mama na watoto, na mizigo juu ya magoti.

Hiace zetu nyingi zilitoka Japan zikiwa zimetumika, na Japan kuna fasi za theluji. Ndiyo maana mingi ziko na chofaji mbili, moja ya mbele na moja ya abiria. (Ndiyo maana pia mlango wao unafunguka upande wa kushoto, kati ya barabara, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.) Ile chofaji ya nyuma haipati moto kwa umeme, hata kama iko na swichi. Ni karadiateri kadogo, mara nyingi chini ya kiti. Maji ya moto ya motere yanakafikia kwa tiyo moja na kurudi kwa ingine, kisha vantilateri inapuliza hewa juu yake. Motere iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo tiyo zinatembea njia ndefu chini ya sakafu, pale mawe na matope vinagonga kila siku.

Tulikaa siku nzima kwa fundi mmoja wa Uvira, aliyekuwa na Hiace moja iliyoletwa kwa sababu ya harufu. Yeye haanzi na turnevisi, anaanza na sikio. Vantilateri hailii? Basi maji hayana kosa: tazama fizibli, swichi, na waya ya masi iliyoliwa na kutu. Inazunguka kwa vitesi ya mwisho tu? Ni rezistansi imeungua. Inazunguka vizuri lakini hewa ni baridi? Hapo sasa anawasha motere, anangoja ipate moto, kisha anaizima na kugusa tiyo zote mbili kwa uangalifu. Zote mbili zikiwa moto, maji yanapita, na kosa liko kwa hewa: mavumbi yamejaa. Moja moto na ingine baridi, karadiateri kameziba, ama hewa imefungwa ndani. Zote baridi, maji hayafiki: robine imefungwa ama maji yamepunguka.

Kuziba kunatoka wapi? Mtoni. Bidoni inajazwa fasi yoyote njiani, na matope yanaingia pamoja na maji.

Kuna tena habari ya termostati. Hapa kwetu mafundi wengi wanaitoa na kuitupa, wakisema inachemsha motere. Tunaelewa: mu bonde la Ruzizi jua halicheki na mtu. Lakini bila termostati motere inakawia kupata moto, na chofaji inatoa hewa ya vuguvugu tu. Na kama motere ilikuwa inachemka juu ya radiateri chafu ama kifuniko kibovu, ugonjwa uko pale pale.

Jambo la kuogopa ni kuvuja. Sakafu ya nyuma ni mbichi, vioo vinapata ukungu, harufu ni tamu kidogo, na radiateri inapunguka kila siku bila tone moja chini ya gari. Maji yako ndani, chini ya miguu ya watoto. Tiyo ikipasuka Ngomo, maji yanayokaribia kuchemka yanamwagika juu ya miguu yao, na motere inabaki kavu. Jointi ya kilasi inaungua pale pale. Kama hamna pesa ya karadiateri kapya, fundi anaweza kuunganisha tiyo mbili kule mbele, maji yarudi bila kupita nyuma. Ni kazi halali, lakini ifanywe kwa tiyo ya maji ya moto na kolye za chuma, si kwa chambre à air ya kinga. Na kifuniko cha radiateri kisifunguliwe motere ikiwa moto, hata mukiwa na haraka gani.

Tukarudi kwa ile harufu. Haikuwa ya maji. Fundi alilala chini ya gari akaona tiyo ya moshi imepasuka, tena imekatwa fupi, inaishia chini ya sakafu. Na sakafu ilikuwa na matundu. Hapo wachimbaji watatuelewa upesi, juu wanajua kwa nini motopompe haishushwi mu shimo. Ni gazi ile ile, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Pua inasikia moshi wenzake tu. Mshumaa hauionyeshi: unaendelea kuwaka na mtu anaanguka. Motere ya esansi inatoa mingi kupita ya mazutu, lakini hakuna moshi wa kupumua.

Mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba juu ya mizigo unaongeza hatari: gari ikikimbia, hewa inavutwa kutoka nyuma kuingia ndani, na moshi nayo. Chofaji ya nyuma, mara nyingi, haileti hewa mpya. Inazungusha ile ile iliyo ndani. Kichwa kikiuma watu wote wa kiti cha mwisho pamoja, na kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, kisha wakishuka wanapata nafuu, si malaria hiyo. Simamisheni gari, wote washuke. Asiyeamka vizuri apelekwe hospitali, na mseme kwamba alivuta moshi.

Jioni tiyo ya moshi ilikuwa imesudwa na kurefushwa mpaka nyuma, matundu ya sakafu yamezibwa kwa bati. Chofaji yenyewe ilikuwa bado haifanyi kazi. Shofa alisema karadiateri katangoja mwisho wa mwezi. Kesho yake saa kumi na moja gari ilijaa kama kawaida. Mlango wa nyuma ulifungwa na ufunguo, magunia mawili yakabaki Uvira, na mama wa kiti cha mwisho alikuja na blanketi.