Misukule ya Kuchekesha

Mkazi wa Mwamanyili, wilayani Busega, au wa visiwani Ukerewe, hahitaji kuelezwa zombi ni kitu gani. Tangu utotoni amesikia habari za msukule: mtu aliyeliliwa na kuzikwa, kisha yasemekana yu hai, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa usiku katika shamba la mchawi. Hivyo mtengenezaji filamu wetu mwenye fedha kidogo huanza na mtaji ambao Wazungu hawana. Watazamaji wake wameshaogopa kabla taa hazijazimwa.

Tena msukule ni mhusika wa bei nafuu. Unga usoni, shuka iliyochanika, mwendo wa kujikokota, basi. George Romero wa Marekani alifungua njia hiyo mwaka 1968 kwa dola zisizofika 120,000. Mwaka 2017 Wajapani walitumia yen zipatazo milioni 3 tu kutengeneza One Cut of the Dead, ambayo dakika zake 37 za mwanzo zilipigwa bila kukatizwa, na walimwengu wakacheka. Hapa nchini Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003, ingawa hiyo ilikusudiwa kutisha.

Kasoro za ufundi twaweza kuzistahimili: sauti inayomezwa na upepo, mzaha unaorudiwa hata ukachacha, kisa cha saa moja kinachovutwa kiwe sehemu ya kwanza na ya pili. Lisilostahimilika ni mwisho ule wa kumwita mganga, naye akamnyoshea kidole kikongwe mwenye macho mekundu. Hapo mzaha umekwisha. Katika nchi ya Wasukuma vikongwe wameuawa kwa miongo mingi kwa tuhuma za namna hiyo, na wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa kuni na samadi jikoni.

Ilhali kicheko kingeweza kufanya kinyume chake. Mganga ndiye achekwe, ramli yake imwumbue, na msukule agundulike kuwa kijana aliyekimbia madeni!

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa ukaguzi. Wakaguzi na Maafisa Utamaduni, pamoja na kutazama mavazi na matusi, tungewaomba waulize pia: mchawi katika hadithi hii ni nani, na ni nani aliyemtaja?