Mhadhiri Hakatai Kompyuta

Machi 18, 2020, siku moja baada ya shule kufungwa, vyuo vikuu vya Tanzania navyo vilifungwa kwa sababu ya korona. Vilifunguliwa Juni 1. Kwa zaidi ya miezi miwili masomo yalisimama katika vyuo vingi, ilhali seva zilikuwa zinawaka na Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ilikuwa imewekwa humo miaka mingi. Ni kweli wapo wanafunzi waliorudi kwao kusikoshika mtandao. Lakini hata kwa waliokuwa nao, hakutokea mwenye mamlaka wa kusema: kesho tunafundisha hivi, kazi zitakusanywa hivi, na bando la mwanafunzi litalipwa na fulani. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na hulirudia kila ninapoitwa kutoa mafunzo vyuoni.

Moodle yenyewe haina bei. Martin Dougiamas aliitoa mwaka 2002 huko Australia, na chuo chochote huipakua bila kulipia leseni. Kebo ya intaneti ya Seacom ilifika pwani yetu 2009. Kwa hiyo nikiambiwa chuo hakina uwezo, huuliza ni uwezo upi unaosemwa.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, alichapisha uchunguzi wake kuhusu sababu za watu kukubali au kukataa programu za kompyuta kazini. Alipima mambo mawili: wepesi wa kutumia, na manufaa ambayo mtu anayaona katika kazi yake. Manufaa yakaonekana kuwa na nguvu kubwa zaidi. Mtu huvumilia programu ngumu ikimpunguzia mzigo, na huiacha iliyo nyepesi ikiwa haimsaidii. Semina zetu karibu zote hufundisha wepesi: bonyeza hapa, pakia pale. Mhadhiri anapouliza, "Hii itanisaidia nini?", mimi mkufunzi sina jibu kamili, maana jibu liko kwa mkuu wa idara, kwa amidi na kwa makamu mkuu wa chuo. Hao ndio wanaopanga vipindi, wanaohesabu mzigo wa kazi, wanaopendekeza nani apande cheo.

Niliwahi kufanya kazi na idara moja yenye wanafunzi zaidi ya 600 wa mwaka wa kwanza katika somo la takwimu. Jaribio moja lilijaza karatasi meza mbili. Mzee wetu aliyekuwa akifundisha somo hilo, amebakiza miaka michache astaafu, alisahihisha nyumbani Jumamosi na Jumapili kwa wiki tatu. Mkuu wa idara, mama mmoja mtulivu, hakumpeleka semina. Alimpunguzia kipindi kimoja semista ile, akakaa naye alasiri mbili wakaanza kutunga benki ya maswali. Jaribio lililofuata lilisahihishwa na mfumo. Asubuhi yake mzee alifungua matokeo akaona swali la 7 limewashinda zaidi ya nusu ya darasa. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe hapa sikufundisha vizuri." Wiki hiyo hiyo akalirudia darasani.

Mama yule aliwaita pia wanafunzi akawauliza wanapataje notsi. Mmoja alimwonyesha simu yake: faili la mhadhara mmoja, picha tupu za slaidi, MB 64. Bumu likiisha faili kama hilo halishikiki. Wanamsubiri mwenye bando alipakue kisha awarushie. Akaagiza kuanzia siku ile faili lisizidi MB 3. Agizo la mstari mmoja, halikudai bajeti, na sijaona lililofanya kazi haraka kama lile.

Historia yetu ina funzo la aina hiyo hiyo: mpango hutangulia chombo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kufundisha 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Teknolojia yake ya mwanzo ilikuwa vitabu vilivyochapwa na vituo vya mikoani, lakini chuo kizima kilipangwa kumzunguka mwanafunzi aliye mbali na aliye kazini. African Virtual University, iliyoanza 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, ilikuja na setilaiti na mihadhara iliyorushwa kutoka ng'ambo. Setilaiti ni chombo kikubwa kuliko kitabu. Ila ratiba za idara zetu hazikuandikwa na waliokuwa wakirusha matangazo.

Miaka ya karibuni mradi wa elimu ya juu wa HEET, wa dola milioni 425, umekuwa ukijenga maabara na kuleta vifaa katika vyuo vya umma. Naufurahia. Wasiwasi wangu ni fomu ya kupandishwa cheo. Katika vyuo nilivyofanya kazi, makala ya jarida ina alama zake. Benki ya maswali inayotumiwa na mamia kila mwaka haina hata mstari wa kuandikia.

Mzee wa takwimu alistaafu mwaka jana akiwa na maswali zaidi ya 400 kwenye mfumo. Mama yule naye alikuwa amehamishwa. Nilipopita idarani, somo lilikuwa limefichwa kwenye mfumo, na mhadhiri mpya hakuwa ameambiwa kwamba lipo. Nilimkuta ofisini na kalamu nyekundu, karatasi zimejaa meza mbili.