Rais Kafa, Nani wa Kusema?

Kuna mji ambao sisi watu wa pwani tunautaja karibu kila siku ya darsa pasi na kuuona kwa macho. Shekhe akifungua kitabu na kusema hadithi hii imepokewa na Bukhari, basi ameutaja mji wa Bukhara, ulioko katika nchi ambayo leo inaitwa Uzbekistan. Hapo ndipo alipozaliwa Imam Muhammad bin Ismail mwaka 194 wa Hijra, yaani 810, na kaburi lake liko nje kidogo ya mji wa Samarkand. Imam Tirmidhi naye ni wa nchi hiyo hiyo. Kwa hivyo msomaji asistaajabu nikimwambia kwamba mwisho wa Agosti 2016, wazee wa barazani kwetu, Mji wa Kale Mombasa, walikuwa wakibishana juu ya kifo cha rais ambaye hata jina lake lilikuwa likiwatatiza kulitamka.

Rais huyo ni Islam Karimov. Alishika hatamu za nchi mwaka 1989 akiwa mkuu wa chama cha Kikomunisti, wakati Urusi ya Kisovieti ingali hai. Chama kilipokufa yeye hakufa nacho, bali aligeuza koti, akawa rais wa taifa huru, na akakaa kitini miaka ishirini na saba. Kura zilipigwa, naam, lakini hakuna aliyepata kulala macho akingoja matokeo.

Jumapili ya tarehe 28 Agosti, serikali ya Tashkent ilitangaza kwamba rais amelazwa hospitali. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu, kwani afya ya rais katika nchi ile haikuwa jambo la kutajwa. Siku ya pili yake, binti yake mdogo, Lola, akaandika katika Instagram kwamba baba yake amepasuka mshipa wa damu kichwani. Jioni ya siku hiyo hiyo tovuti ya Fergana, inayoandikwa na watu walio nje ya nchi hiyo, ikasema rais amekwisha kufa. Serikali kimya.

Tarehe mosi Septemba ilikuwa sikukuu ya uhuru, tena ya kutimiza miaka 25. Kila mwaka rais mwenyewe ndiye aliyekuwa akilihutubia taifa. Mwaka huo hotuba yake ilisomwa na mtangazaji wa televisheni. Nami nawaza hali ya mtu aliyekaa nyumbani kwake Tashkent, yeye na mkewe na watoto, wanamsikiliza mtangazaji akisoma maneno ya mtu ambaye jirani kwa jirani wananong'onezana kwamba ni maiti. Hathubutu kuuliza. Labda hata mkewe hamtazami usoni.

Ijumaa tarehe 2 mambo yakafichuka kwa njia ya kuchekesha, kama kifo kinaweza kuchekesha. Waziri Mkuu wa Uturuki, Binali Yıldırım, akiwa katika mkutano wa mawaziri wake mbele ya kamera, alitoa rambirambi kwa ndugu zake Wauzbeki kwa kufiwa na rais wao. Wenye msiba walikuwa bado hawajasema! Picha nazo zilikwisha kuenea za watu wakisafisha Samarkand na kutengeneza mahali pa kuzikia. Usiku ndipo televisheni ya Tashkent ikatamka rasmi, na maziko yakawa kesho yake, Jumamosi.

Barazani kwetu habari hizi tulizipata kwa redio ya London, na vijana wakazidisha kwa simu zao. Maalim mmoja, mtu wa makamo ambaye si mwepesi wa kusema, aliweka kikombe chake cha kahawa chini na kuuliza swali ambalo sikulisoma katika gazeti lolote. Alisema, ikiwa ni kweli mtu yule alikufa Jumatatu na akazikwa Jumamosi, basi amecheleweshwa siku tano, na ile amri ya kuharakisha jeneza imo ndani ya kitabu cha Bukhari mwenyewe. Nchi ya Bukhari imeshindwa kumzika rais wake kwa sunna ya Bukhari, kisa hawajajua nani wa kusimama mbele ya jeneza.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katiba yao, kifungu cha 96, ilisema wazi kwamba rais asipoweza kazi, mwenyekiti wa Baraza la Seneti ndiye anayeshika kwa muda usiozidi miezi mitatu. Mwenyekiti alikuwapo, jina lake Nigmatilla Yuldashev. Lakini hakuna mtu aliyemtazama yeye. Macho yote yalikuwa kwa watu watatu: Shavkat Mirziyoyev aliyekuwa waziri mkuu tangu 2003, Rustam Azimov aliyesimamia fedha, na mkuu wa usalama, Rustam Inoyatov, ambaye hakuutaka urais lakini ilisemekana hakuna angeupata bila ya ridhaa yake. Binti mkubwa wa marehemu, Gulnara, aliyewahi kudhaniwa ndiye mrithi, alikuwa amefungiwa nyumbani tangu 2014 na mazikoni hakuonekana.

Basi watu walisoma dalili, kama mabaharia wasomavyo mawingu. Zama za Kisovieti kulikuwa na desturi kwamba anayeongoza kamati ya maziko ndiye mrithi. Tangazo lilipotoka, mkuu wa kamati ya maziko alikuwa Mirziyoyev. Mwenye akili akafahamu. Tarehe 8 Septemba bunge likakutana, Yuldashev akajitoa kwa kusema wadhifa unamfaa zaidi mwenye uzoefu, na Mirziyoyev akawa rais wa muda. Desemba akachaguliwa kwa asilimia 88 na ushei.

Lakini nilitaka kusema habari ya machozi.

Alfajiri ya maziko, maelfu walijipanga kando ya barabara za Tashkent gari la jeneza likielekea uwanja wa ndege. Walitupa maua. Wanawake walipiga mayowe, na wanaume wazima walifunika nyuso. Samarkand, mji aliozaliwa marehemu mwaka 1938, watu walifurika uwanja wa Registan kwa sala ya jeneza. Tulipoziona picha hizo, mzee mmoja wa baraza alicheka. Akasema, hayo ni machozi ya woga, wamekusanywa kama walivyokuwa wakikusanywa kwenda kuchuma pamba. Na kweli pamba ile ilichumwa kwa kulazimishwa, walimu, wauguzi na wanafunzi wakitolewa makazini mwao kila msimu.

Tena ushahidi wa mzee haukuwa mdogo. Ni Karimov huyu aliyeijenga upya ziara ya Imam Bukhari ikafunguliwa mwaka 1998 kwa fahari kubwa, na mwaka huo huo akapitisha sheria ya dini iliyokataza mtu wa kawaida kutembea na vazi la kidini na kusomesha watoto Kurani majumbani. Hebu fikiri, msomaji, vyuo vyetu vyote vya uchochoroni vingekuwa haramu! Maimamu walipotea. Abduvali Mirzaev wa Andijan alionekana mara ya mwisho katika uwanja wa ndege wa Tashkent mwaka 1995. Katika gereza la Jaslyk, mwaka 2002, walikufa wafungwa wawili waliofungwa kwa mambo ya dini, na mwili wa mmoja ulikuwa umeungua kama uliotiwa katika maji ya moto. Na tarehe 13 Mei 2005, mjini Andijan, askari walilifyatulia risasi kundi kubwa la raia. Serikali ilisema waliokufa ni 187, walioponea wakasema ni mamia zaidi. Uchunguzi wa watu wa nje Karimov aliukataa mpaka kufa kwake.

Hata hivyo, sikukubaliana na mzee wetu, na sababu yake ni ya nyumbani.

Tarehe 22 Agosti 1978 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Ilikuwa Ramadhani. Mzee Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa, katika Ikulu ya pwani, kabla ya kupambazuka, na mchana redio ikatangaza. Baba yangu alikuwa akishona kanzu za Idi, cherehani ikasimama. Mimi, kwa ujinga wa utoto, nikauliza, "Baba, sasa nani atakuwa rais?" Alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga katika funga, si kabla wala baada ya siku ile. Kisha akaufunga mlango wa mbele, akarudi, akakaa, na mara nikamwona analia.

Sisemi Mzee alikuwa Karimov, wala msomaji asinitilie maneno mdomoni. Nasema habari ya swali. Miaka miwili nyuma, mwaka 1976, lilipozuka kundi la kutaka kubadilisha katiba ili makamu asishike nchi rais akifa, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba hata kuwazia kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Baba yangu hakusoma sheria, lakini onyo hilo lilifika mpaka kwenye cherehani yake. Moi aliapishwa siku ile ile, siku tisini zikapita kwa salama, na wengi waliokuwa na hofu wakapumua. Baba hakunieleza kamwe yale machozi yalikuwa ya nini. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mara moja. Alisema, "Mwanangu, nilikuwa sikumbuki nchi hii bila ya yeye." Halafu akaongeza, "Na wewe uliuliza kwa sauti kubwa."

Kwa hivyo nikiwaona wale wanawake wa Tashkent nawaona wote wawili ndani ya mtu mmoja, mwenye kufiwa na mwenye kuogopa. Kijana wa miaka ishirini na mitano hakuwa amepata kujua rais mwingine. Ng'ambo ya mpaka wa kusini alikuwa akiiona Afghanistan. Alikuwa ameambiwa tangu chekechea kwamba bila ya mtu huyu damu itamwagika, na sasa mtu huyu hayupo. Angekosaje kulia? Na hapo hapo kandokando ya barabara huenda alisimama mama ambaye mwanawe yuko Jaslyk, naye ana ua mkononi, kwa sababu jirani anamtazama. Machozi ya mama yule nani ataapa kwamba ni ya uongo? Amepata sababu ya kulia hadharani kwa mara ya kwanza.

Yaliyofuata yaliwashangaza waliotabiri. Damu haikumwagika. Mirziyoyev, aliyekuwa mkono wa kulia wa marehemu kwa miaka kumi na mitatu, alianza kufungua vifundo. Mwaka 2017 alisema kwamba zaidi ya watu 16,000 kati ya 17,000 wameondolewa katika orodha ya washukiwa wa siasa kali za dini. Azimov alitolewa katika naibu wa waziri mkuu mwaka huo huo, Inoyatov akaondolewa Januari 2018, na gereza la Jaslyk likafungwa mwaka 2019. Marehemu naye hakutupwa. Alisimamishiwa sanamu Tashkent, na kaburi lake likajengewa kuba penye msikiti wa Nabii Khidhri, karibu na Shah-i-Zinda panaposemwa amelala Qutham bin Abbas, binamu yake Mtume. Wenye kuzuru wanapita kwa yule na kwa huyu.

Mwaka 2023 Mirziyoyev aliirekebisha katiba kwa kura ya maoni, muda wa urais ukawa miaka saba, na hesabu ya vipindi vyake ikaanza upya. Akachaguliwa tena Julai ya mwaka huo. Mwaka 2025 akamfanya binti yake mkubwa, Saida, kuwa mkuu wa ofisi yake.

Habari hii ya mwisho niliisoma barazani kwa sauti. Yule mzee aliyecheka machozi mwaka 2016 amekwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mahali pake anakaa mjukuu wake, kijana wa chuo kikuu. Kijana akauliza, "Na huyu naye akifa?" Maalim akamtazama, akatazama mlangoni, kisha akasogeza sahani ya kashata. Mtu akaanza kusema habari ya bei ya papa.